Filimbi Moja, na Imbwa Anakaa
Ginsi wanavyofundisha imbwa wa kuleta ndege wakati wa theluji

Kwetu mu Katanga imbwa anajulikana kwa kazi mbili: kulinda kiwanja usiku, na kwenda na wawindaji porini. Imbwa wa muwindo wa kwetu anatangulia. Yeye ndiye anafukuza nyama, na mutu anakuja nyuma. Kule kwenye misitu mikubwa ya Congo kuko hata imbwa wadogo wasiobweka. Wanafungiwa kengele ya muti shingoni ili mwenyewe asikie wamefika wapi, na wanasukuma nyama mupaka ndani ya nyavu. Wazungu wanaita jamii ile Basenji, na katika miaka ya 1930 walipeleka wengine Uingereza.

Lakini kuko inchi ambako imbwa wa muwindo anafanya kinyume. Anakaa kando ya bwana wake, kimya, hatikisiki. Bunduki inalia, bata wa pori anaanguka ndani ya maji, na imbwa bado amekaa. Anangojea jina lake. Akilisikia, ndipo anaruka ndani ya maji, anakamata bata polepole kwa mudomo, anamuleta mupaka mukononi mwa muwindaji, na bata hana hata alama ya jino. Katika habari hii tutamuita imbwa-muletaji.

Mutu anayemuona anashangaa: imbwa huyu alijifunza wapi? Wengi watajibu: kule kwenye ziwa, wakati wa muwindo. Kumbe sivyo. Sehemu kubwa ya masomo yake inafanyika wakati wa baridi kali, maziwa yakiwa yamefungwa na barafu na bunduki zikiwa zimewekwa kabatini. Tuone juu ya nini.

WAZALIWA WA WAVUVI

Imbwa-muletaji anayejulikana zaidi ni Labrador. Babu zake walikuwa imbwa wa wavuvi katika kisiwa cha Newfoundland, upande wa mashariki wa Canada. Maji ya kule ni ya baridi sana. Imbwa wale walisaidia kuvuta kamba na nyavu, na samaki akiponyoka kwenye ndoana, imbwa alijitupa majini kumukamata. Katika miaka ya 1800 meli za samaki ziliwaleta Uingereza, na mabwana wenye mashamba makubwa waliona kwamba imbwa anayeleta samaki anaweza kuleta ndege vilevile. Katika mwaka wa 1903 chama kikubwa cha imbwa cha Uingereza kiliandika jina la Labrador katika kitabu chake. Wale imbwa wa zamani wa Newfoundland wenyewe walimalizika. Wa mwisho walikufa katika miaka ya 1980.

Kuko na jamii zingine. Golden Retriever, mwenye nywele za rangi ya zahabu, alitokea Scotland kwa Lord Tweedmouth. Uzao wa kwanza ulizaliwa katika mwaka wa 1868. Na kule Maryland, Marekani, wanasimulia habari ya mwaka wa 1807: meli moja ilikuwa inazama, na watu waliookoa mabaharia wakaokoa pia watoto wawili wa imbwa, mumoja dume na mumoja jike. Waliitwa Sailor na Canton. Ndio wanahesabiwa kuwa mwanzo wa imbwa wa Chesapeake, wasioogopa maji yenye vipande vya barafu.

Kwa hiyo mwili wa imbwa hawa umeandaliwa kwa baridi. Labrador ana nywele za safu mbili: ya chini ni laini na nzito inayotunza moto wa mwili, na ya juu ni ngumu yenye mafuta kidogo, maji yanateremka juu yake. Mukia wake ni mnene, na unamusaidia kugeuka ndani ya maji. Lakini mwili peke yake si elimu. Mapenzi ya kukimbia na kukamata anazaliwa nayo. Kungojea, hapana. Kungojea anafundishwa.

MIEZI MINNE YA BARAFU

Tuchukue mufano wa Minnesota, jimbo la kaskazini ya Marekani linaloitwa inchi ya maziwa elfu kumi. Kule mu mwezi wa kwanza baridi inaweza kufika digri 20 chini ya sifuri, na zaidi. Maziwa mengi yanakuwa magumu sawa sakafu toka mwezi wa kumi na mbili mupaka mwezi wa tatu au wa ine. Wafundishaji wenye feza wanapakia imbwa mu magari na kwenda nao kusini, Texas ao Georgia, kule kusiko theluji. Lakini mutu wa kawaida, mwenye kazi yake na watoto wake, anabaki. Anatoka kazini wakati jua limekwisha kushuka. Ana ukumbi wa nyumba, gareji, na kiwanja kilichojaa theluji. Basi anafundisha pale pale.

Na wafundishaji wazee wanasema kwamba hiyo si hasara. Wakati wa muwindo imbwa anasikia harufu ya bata, mulio wa bunduki, imbwa wengine. Kichwa chake kinajaa. Mu ukumbi wa nyumba hakuna hata kimoja cha vile. Kuko yeye, bwana wake, na neno moja. Dakika kumi zinatosha, lakini kila siku. Saa nzima mara moja kwa juma haifai, juu ya imbwa anachoka na bwana anakasirika.

SOMO LINAANZIA KWENYE SAHANI

Somo la kwanza halina bunduki wala ndege. Ni chakula cha jioni. Imbwa anaambiwa akae. Sahani inawekwa chini mbele yake. Akisimama, sahani inainuliwa, bila makelele na bila fimbo. Akikaa, inashushwa tena. Siku chache zinapita, naye anafahamu: njia ya kufikia sahani ni kukaa. Kisha bwana anangoja kidogo, anaita jina lake, na imbwa anakula. Ndiyo mwanzo wa yule imbwa tuliyemuona kando ya ziwa, anayeona bata akianguka na hatikisiki.

Halafu filimbi inaingia. Mulio mumoja murefu maana yake: simama pale ulipo, kaa, uniangalie. Milio mifupi mingi maana yake: rudi kwangu. Filimbi inatumiwa kwa sababu sauti yake haigeuki. Sauti ya mutu inaonyesha kama ana hasira ao amechoka. Filimbi ni ileile asubuhi na jioni, na inafika mbali hata kama upepo unavuma.

Hapa kuko sheria moja wafundishaji wote wanairudilia: usipige filimbi kama huna njia ya kufanya imbwa atii. Ukipiga mara tatu na imbwa anaendelea kunusa, umekwisha kumufundisha kwamba filimbi haina maana. Wazazi watafahamu neno hili. Mama anayeita mutoto mara kumi, mutoto anajua kwamba mara tisa za kwanza si za kweli.

Kwa hiyo hatua ni ndogo: kwanza mu ukumbi, imbwa akiwa karibu. Kisha kiwanjani, na kamba ndefu shingoni. Kisha mbali kidogo. Kisha kitu kikitupwa mbele yake. Hatua moja ikishindikana, wanarudi nyuma kwa ile iliyotangulia, si kumupiga. Kuko wafundishaji wanaotumia mukanda wa umeme shingoni mwa imbwa, na mabishano juu yake ni makubwa. Wales iliukataza katika mwaka wa 2010. Imbwa aliyeumizwa bila kufahamu kosa lake hajifunzi kazi. Anajifunza woga.

KUSHIKA BILA KUUMA

Kazi nyingine ya siku za baridi ni ya mudomo. Imbwa-muletaji anayetafuna ndege hafai, na anayemuangusha njiani hafai pia, juu ya bata aliyejeruhiwa tu anaweza kukimbia na kwenda kufa polepole ndani ya majani. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kufundisha imbwa hawa: nyama iliyopigwa isiachwe kuteseka wala kuoza bure.

Wanaanza na kitu chepesi, kama kipande cha muti laini ao glavu ya zamani. Imbwa amekaa, kitu kinawekwa mudomoni, na anaambiwa "shika". Sekunde mbili tu, kisha kinatoka mukononi mwa bwana, na imbwa anasifiwa. Kesho sekunde tano. Kesho kutwa kumi. Akishika vizuri akiwa amekaa, anafundishwa kushika akitembea. Mwisho wanamupa kigunia, yaani mufuko mudogo wa turubai uliojazwa, wenye uzito karibu sawa na wa ndege, na baadaye wanafungia juu yake bawa la bata ili azoee manyoya. Imbwa mudogo anayebadilisha meno, katika mwezi wa ine mupaka wa sita wa maisha yake, hawamulazimishi. Kinywa kinamuuma, na akiumia leo akiwa ameshika kigunia, kesho atakikimbia.

MACHO YA IMBWA JUU YA THELUJI

Ndani ya nyumba pakishatosha, wanatoka inje. Na hapa theluji inakuwa mwalimu, lakini mwalimu mwenye ujanja.

Imbwa haoni rangi kama sisi. Bluu na manjano anazitofautisha vizuri. Nyekundu na rangi ya machungwa kwake ni sawa rangi iliyofifia. Kigunia cha rangi ya machungwa kikiwa mu majani, mutu anakiona na imbwa hakioni. Kwa hiyo wanakitumia wanapotaka imbwa aongozwe kwa mukono na filimbi, si kwa macho yake. Lakini wanapotaka aangalie kinapoanguka na akumbuke pahali, ni lazima kitofautiane na inchi. Kigunia cheupe juu ya theluji kinapotea. Basi wanatumia cheusi.

Shida ya pili ni nyayo. Mutu akitembea kwenda kuficha kigunia, anaacha njia wazi mu theluji. Imbwa mwenye akili hatazami tena mukono wa bwana. Anafuata nyayo tu, na anafika. Ameleta kigunia, lakini hajajifunza kitu. Kwa hiyo wafundishaji wanachukua pau na kufungua njia ndani ya theluji mbele ya somo: njia moja inakwenda mbele, na nyingine mbili zinatoka kuume na kushoto, sawa musalaba. Imbwa anatumwa katikati. Filimbi inalia, anakaa na kugeuka. Bwana ananyoosha mukono wa kuume: imbwa anakwenda kuume. Wa kushoto: kushoto. Kuta za theluji zinamusaidia asipotee. Theluji ikiyeyuka, kuta zinakwisha, na yeye anaendelea kwenda mustari ulionyooka katika uwanja mutupu.

KUTUNZA MWILI WAKE

Mwenye kufundisha wakati wa baridi anatazama imbwa yake kila wakati. Theluji inaganda katikati ya vidole na kuwa kama vijiwe. Imbwa anaanza kuchechemea. Chumvi inayomwagwa barabarani ili barafu iyeyuke inachoma nyayo, na imbwa akiiramba inamusumbua tumbo. Kwa hiyo wakirudi wanasafisha miguu kwa maji ya moto kidogo na kuikausha. Kuko pia maji ya kuzuia kuganda yanayotiwa katika injini za magari: yana utamu, imbwa anayapenda, na kiasi kidogo kinaharibu figo na kumuua.

Imbwa anayefanya kazi mu baridi anahitaji chakula zaidi, na maji ya kunywa, kwa sababu kula theluji hakumutoshi. Moto wa kawaida wa mwili wake ni karibu digri 38 na nusu. Akitetemeka bila kuacha, akitembea kama mulevi, kazi imekwisha: anakaushwa na kupelekwa ndani. Wengine wakishaogelea katika maji ya baridi, kesho yake mukia unaning'inia kama umevunjika. Si kuvunjika, ni nyama ya mukia imeumia, na kwa mapumuziko inapona kwa siku chache.

Na imbwa mudogo hawamuingizi majini wakati huu. Mara ya kwanza ya maji ikiwa ya kuumiza, anaweza kuyaogopa siku nyingi. Wanangoja jua lirudi na ziwa lipate moto.

BARAFU INAYODANGANYA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Siku za mwisho za muwindo wa bata, barafu inaanza kufunga maziwa kutoka pembeni. Bata wanakusanyika pale maji yalipobaki wazi, na maji yanabaki wazi pale yanapotembea: kwenye mudomo wa muto, kwenye chemchemi. Pale ndipo barafu ni nyembamba. Tena theluji ikiifunika inakuwa sawa blanketi. Inazuia baridi isishuke, na barafu haikomai. Kwa macho yote ni meupe, yote ni sawa. Kule Minnesota wanaomba mutu asitembee juu ya barafu isiyofika sentimeta 10. Imbwa hana kipimo. Yeye ameona bata akianguka, anakimbia.

Barafu ikivunjika, imbwa anaingia. Anaweka miguu ya mbele juu ya ukingo, ukingo unakatika. Anaweka tena, kucha zinateleza. Na bwana wake, anayemupenda, anamufuata. Ni hivi watu wanakufa kwa ajili ya imbwa yao. Waokoaji wa kule wanarudilia kila mwaka: usimufuate juu ya barafu. Baki inchi kavu, umuite kwa sauti, umuelekeze upande alioingilia, na uite watu wenye kamba na mutumbwi.

Lakini kuna dakika moja mbele ya ile. Imbwa amekwisha kuruka, yuko mbio, barafu iko hatua thelathini mbele yake. Pale mutu ana kitu kimoja tu: filimbi. Mulio mumoja murefu. Ikiwa imbwa anakaa, ameokoka, na bwana wake ameokoka pamoja naye. Bata atapotea, ni kweli. Ikiwa hakai, hakuna wakati wa kumufundisha tena.

Ndiyo maana mutu yule alisumbuka mu ukumbi wa nyumba yake, jioni kwa jioni, na sahani ya chakula. Hakuwa anacheza. Alikuwa anajenga, pahali pasipo hatari, kile kitakachohitajiwa pahali penye hatari. Na mutu mwenye akili anaongeza sheria yake mwenyewe: hatupi kigunia juu ya barafu hata siku moja, hata ikionekana nene, ili imbwa asizoee kufikiri kwamba barafu ni uwanja wa kuchezea.

NA SISI HUKU?

Sisi hatuna theluji. Hata hivyo kazi ya imbwa aliyefundishwa si ngeni mu Congo. Katika hifadhi ya Virunga, Kivu ya Kaskazini, kikosi cha imbwa wa kunusa kilianzishwa katika mwaka wa 2011, ili kusaidia walinzi kufuata nyayo za wanaoua nyama kwa siri. Na Labrador, kwa ule mudomo wake wa polepole na moyo wake wa kungojea, ameingia katika kazi zingine nyingi duniani: kuongoza vipofu, kutafuta watu waliopotea.

Wewe kijana mwenye imbwa kule Kolwezi, Likasi ao Kipushi, huhitaji filimbi ya Ulaya. Chagua neno moja la kukaa na neno moja la kuja, na jamaa yote walitumie lilelile. Baba asiseme hivi na watoto vile. Anza na sahani. Dakika kumi kila jioni. Usiite bure. Usipige. Imbwa anayekaa anapoambiwa hafuati watoto wa masomo barabarani, haruki mbele ya gari la muchanga, na anaweza kushikwa vizuri siku ya kuchomwa sindano ya kuzuia kichaa cha imbwa. Sindano ile ni ya lazima. Na mutu akiumwa na imbwa yeyote, kidonda kioshwe mara moja kwa maji na sabuni dakika 15, na mutu aende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Juu ya nini imbwa-muletaji anafundishwa kungojea mbele ya kufundishwa kukimbia?
2. Kwa nini wanatumia kigunia cheusi juu ya theluji?
3. Mu nyumba yetu, ni maneno gani tunayoita mara kumi? Tunaweza kufanya nini ili mara moja itoshe?
4. Imbwa yetu alichomwa sindano lini?